Pale Roboti Ilipogoma Kukata

"Milioni moja na laki nane, mzee Osea! Sikutoka Tunduma kuja kunywa chai yako. Nimekuja kuchukua changu."

"Punguza sauti, mama Raudha. Majirani wanasikia."

"Wasikie! Ulitanguliza milioni mbili, ukasema wiki mbili unamalizia. Leo wiki ya tano."

"Mashine yenyewe mbovu. Haikati."

"Nini?"

"Haikati, nakwambia. Ichukue, unirudishie milioni mbili zangu, tuachane."

Stumai, huyo mama Raudha, alizishika nondo za geti kwa mikono miwili kama mfungwa anayetaka kutoka, kumbe yeye alitaka kuingia. Hapo ndipo mama Loisi, mke wa mzee Osea, alipochungulia kutoka jiko la uani.

"Shikamoo, mama," Stumai alisema, sauti imeshuka ghafla.

"Marahaba, mwanangu. Habari za Tunduma?"

"Nzuri, mama. Foleni tu ya malori." Kisha akamgeukia mzee, na sauti ikapanda palepale ilipoishia. "Mbovu! Yaani mimi Stumai nimekuuzia mashine mbovu!"

Lilikuwa neno baya kumwambia mtu kama yeye. Stumai hakusomea mashine popote. Alijifunza kwa kufungua pampu za sola zilizokufa na kuzifunga tena, mpaka siku moja zikawaka. Dukani kwake bei ilitajwa mara moja. Kama kitu kilikuwa na kasoro, alikuonyesha kabla hujaingiza mkono mfukoni. Hasira yake ilijulikana mpaka ng'ambo ya mpaka, lakini hakuna aliyewahi kusema kapunjwa. Na zaidi ya hayo, Jumatatu yule tajiri wa Nakonde aliyemkopesha mzigo wa roboti za kukata majani angevuka na lori lake. Angepewa hela yake, au angepakia duka zima.

"Fungua geti," alisema. "Nione huo ubovu."

Mzee Osea alilitazama jua. Lilikuwa limebaki kipande chekundu juu ya mibuni, na upepo wa Julai ulikuwa umeanza kuuma.

"Njoo kesho asubuhi."

"Fungua."

Akafungua.

Stumai aliikumbuka vizuri siku mzee huyu alipokuja dukani kuchagua. Alimpangia roboti tatu mezani. Ya kwanza bei rahisi, lakini unafukia waya ardhini kuzunguka uwanja mzima ndipo ijue mpaka wake. Ya pili haitaki waya, inataka antena kwenye nguzo, na nguzo inachimbiwa. Ya tatu inaona kwa jicho lake na kusikiliza setilaiti. Unaitembeza mara moja kwa simu, inakariri. Ghali kupita zote.

"Kwa uwanja wako chukua ya waya," Stumai alimshauri, maana hakuwa mtu wa kumbebesha mteja gharama bure. "Kina cha kidole tu, siku moja fundi kamaliza."

Mzee alikuwa ameruka kama kakanyaga kaa la moto. "Hapana! Sitaki jembe kwenye uwanja wangu. Hata kijiko sitaki."

Stumai alicheka, akampa ya tatu. Alidhani ni majivuno ya mnunuzi wa kahawa aliyepanda nyasi za pasipalamu kwa gharama, anaona uchungu kuiharibu.

Alidhani.

Sasa alisimama barazani akiutazama huo uwanja. Majani yalikuwa yamenyolewa vizuri, sawasawa kama kapeti. Isipokuwa katikati. Pale palikuwa na kipande ambacho roboti haikukigusa kabisa, majani yamesimama hadi magotini, mabichi kama ya masika wakati mji mzima wa Mlowo ulikuwa vumbi.

Kipande kilikuwa kirefu kuliko mtu. Upana wake, mabega mawili na nafasi kidogo.

"Umekizuia mwenyewe," Stumai alisema, akitoa simu. Programu ya roboti ilikuwa bado humo, tangu siku aliyokuja kuifunga. Ramani ikafunguka, na katikati ya uwanja kulikuwa na mstatili mwekundu. Eneo lililofungwa. "Unaona? Mtu kachora hapa. Wajukuu wamechezea simu yako."

"Hapa hatuna mjukuu. Tuko wawili." Mzee alishusha sauti. "Nimelifuta mara tisa, mama Raudha. Nikilifuta... jioni linarudi."

"Mambo ya simu hayo. Tazama."

Akalifuta. Ramani ikabaki nyeupe. Akabonyeza, na roboti ikatoka kwenye kituo chake cha kuchajia, taa yake ndogo ikiwaka, visu vikinguruma taratibu kama mdudu ndani ya kopo. Ikaelekea katikati.

Ikafika kwenye kipande.

Ikasimama.

Haikugonga kitu. Ilisimama kama mtu aliyefika mlangoni akakuta watu wamekaa msibani. Kisha ikarudi nyuma taratibu, ikageuka, ikazunguka kipande chote ukingoni bila kugusa jani hata moja.

Hapo Stumai alisikia harufu. Udongo. Udongo mbichi, uliochimbwa sasa hivi. Kiangazi hicho chote mvua haikuwa imedondoka.

"Kuna kitu inakiona," alijisemea. Akafungua kamera ya roboti kwenye simu, aone inachoona.

Majani. Majani. Ukungu kidogo. Halafu...

Miguu.

Miguu miwili mitupu, ya mtu mzima, imesimama ukingoni mwa kipande. Kucha zimejaa udongo. Visigino vimepasuka kama vya mkulima.

Stumai aliinua macho haraka.

Hakukuwa na mtu.

Akatazama simu. Miguu ilikuwepo. Kidole kimoja kikasogea.

Wengine wakiogopa hukimbia. Stumai akiogopa hukasirika. Aliliona fyekeo limeegemezwa ukutani, akalikwapua, akashuka barazani. "Mimi sitishwi na picha ya simu! Nakata mwenyewe, kisha unanilipa."

"Usikanyage hapo!"

Sauti ya mzee Osea ilipasuka. Stumai akaganda, fyekeo mkononi.

"Kuna nini chini, mzee?"

Roboti ilikuwa bado inazunguka kipande. Vuuu... vuuu...

"Mwambie," alisema mama Loisi kutoka mlango wa jiko. Alisema kwa uchovu, kama mtu aliyeyarudia maneno hayo kitandani usiku mwingi. "Mwambie, au nitamwambia mimi."

Mzee alikaa kwenye ngazi, akajishika kichwa. Mke wake ndiye aliyesema, kwa kunong'ona.

"Kiwanja hiki tulinunua kwa Fortunata, mjane wa mzee Mbonile. Mumewe alizikwa hapo, uani kwake, kama tunavyozikana sisi. Fortunata alikuwa anahamia Itumba kwa binti yake, akasema siwauzii mume wangu, nauza ardhi tu. Wakakubaliana mbele ya ndugu. Bei ipunguzwe milioni mbili, na hizo Osea azitumie kumhamisha marehemu. Sanduku jipya, wachimbaji, mchungaji, chakula cha watu."

"Na hakumhamisha."

"Alileta greda Jumapili, watu wako ibadani. Akasawazisha. Akapanda majani juu. Fortunata akatumiwa picha ya kaburi la mtu mwingine, lenye msalaba mzuri. Akashukuru sana kwenye simu. Alilia."

Stumai alimtazama mzee Osea mpaka mzee akainamisha uso. Ndiyo maana hukutaka waya, aliwaza. Hukutaka jembe. Fundi angechimba, angekutana na...

"Na hizo milioni mbili?" aliuliza.

Mama Loisi aliweka kanga vizuri kichwani kabla ya kusema.

"Ndizo alizokuletea dukani, mwanangu."

Harufu ya udongo ilizidi.

Mzee aliinuka ghafla, akaingia ndani, akarudi na bahasha ya kaki. "Hii hapa milioni moja na laki nane. Hesabu. Chukua na mashine yako bure. Chukua uondoke kabla giza halijaingia, nakuomba."

Stumai aliitazama ile bahasha. Alimfikiria Fortunata akilia kwa shukrani. Halafu akafikiria Jumatatu, na lori la Nakonde, na mwanawe Raudha akirudi kutoka shule akute mlango una kufuli lisilo lao.

"Mimi sihusiki," alisema kwa nguvu kuliko ilivyohitajika. "Niliuza mashine. Nilitoa risiti. Zile milioni mbili zimeshageuka mzigo, ziko rafuni dukani. Mwenye deni la kaburi ni wewe, siyo mimi."

Roboti ilinyamaza kidogo, kama inasikiliza.

Akahesabu hela, noti kwa noti, palepale uwanjani. Zilitimia. Akazitia kwenye pochi, akafunga zipu, akafungua simu ili aizime roboti na kuibeba.

Mstatili mwekundu ulikuwa umerudi kwenye ramani.

Lakini haukuwa katikati ya uwanja.

Ulikuwa karibu na ngazi. Pale aliposimama yeye.

Stumai alipiga hatua mbili kushoto. Mstatili ukasogea kushoto. Akarudi kulia. Ukarudi naye.

"Mzee Osea..." alinong'ona. "Mzee, tazama katikati."

Mzee akatazama. Majani yaliyokuwa magotini yalikuwa yamelala chini yote, makavu, ya rangi ya vumbi kama majani mengine yote ya Julai. Mama Loisi alifunika mdomo kwa kanga na kurudi ndani kinyumenyume.

Roboti iligeuka. Taa yake ndogo ikamwelekea Stumai. Vuuu... vuuu... Ikaja moja kwa moja, ikapita juu ya kipande bila kusita, ikafika shubiri moja kutoka kwenye viatu vyake.

Ikasimama.

Kisha ikarudi nyuma taratibu, kwa adabu ileile, na kuanza kumzunguka.

Hakutaka kutazama simu. Alitazama. Jicho la roboti lilionyesha viatu vyake vyeusi vyenye vumbi la barabara kuu. Na pembeni ya viatu vyake, karibu kabisa, bega kwa bega naye, miguu miwili mitupu. Kucha zimejaa udongo.

Mtu alikohoa sikioni mwake, kikohozi cha mzee. Sauti haikuwa ya ukali. Ilikuwa sauti ya mteja aliyesubiri zamu yake kwa muda mrefu, na sasa amefika mbele ya kaunta.

"Milioni mbili zangu, mama Raudha. Nimekuja kuchukua changu."