Sifa ya Kuzaa Kimya

Wana Kolwezi, sogezeni viti. Habari hii mmeisikia nusu pale bombani, kila mtu na chumvi yake. Acheni niwape nzima.

Jumapili ile uwanja wa Mama Agnès, kule Manika, ulijaa kama kawaida. Misa imekwisha, munkoyo unazunguka kikombe kwa kikombe, sombe, kisamvu chetu, inatokota. Walikuwa wanampokea jirani yao Laure, aliyetoka kujifungua maternité na mtoto wake mgongoni. Na desturi ya wanawake wa pale ni hii: aliyepiga kelele wakati wa kuzaa lazima aimbiwe. Mwimbishaji ni nani kama si Mama Agnès?

"Laure alilia, kilio ikafika mbali kule Kasaji!"

"Treni ikasimama!" wakaitikia wenzake, na makofi juu.

Laure naye akacheka. Angefanya nini?

"Mi nilizala Gracien kimya," Mama Agnès akajigamba. "Muganga alizani nimelala. Midi, saa sita tu, niko nasonga bukari! Na huyu muke ya Gracien, mutaona. Huyu ni jiwe!"

Wote wakamgeukia Abigaëlle, mkwe wake, mwenye mimba ya miezi minane, miguu imevimba hadi kandambili hazimwingii. Akatabasamu. Sifa kama hiyo, nani angeitupa mbele ya watu?

Lakini asubuhi ile ile, wakitwanga sombe, alikuwa amenong'ona: "Mama, kichwa inaniuma sana. Macho inaona binyota-binyota."

"Kichwa?" Mama Agnès hakuacha hata kutwanga. "Kichwa inauma hata banaume. Vumilia, mwana. Usinipatishe haya leo, bageni banakuja."

Basi akavumilia. Alivumilia mpaka kikombe kikamponyoka mkononi, akaanguka katikati ya wageni, mwili mzima ukitetemeka, povu mdomoni.

Walimkimbiza hospitali. Madaktari wakampasua. Mtoto, wa kiume, alitoka amekwisha kufa.

"Alikuwa analalamika kichwa?" muuguzi akauliza kule nje. Gracien alikuwa amefika kutoka machimboni, vumbi hadi kwenye kope, akimtazama mama yake.

"Hapana," Mama Agnès akasema. "Hakusema kitu."

Uongo ule ulimtoka laini kama mafuta. Wote wawili wakaingia kukaa kando ya kitanda.

Abigaëlle alipofumbua macho na kuambiwa habari ya mtoto, muuguzi akarudi. "Mama, unasikia maumivu?"

Kabla ya kujibu, Abigaëlle alimwangalia kwanza mama mkwe wake. Kisha akasema polepole, "Hapana. Niko bien, niko muzuri." Midomo imekuwa myeupe kama pemba, ule udongo mweupe. Muuguzi akaridhika, akageuka aende zake.

Jamani, mtazamo ule! Mama Agnès alitambua kile kilichokuwa ndani yake: binti alikuwa anaomba ruhusa ya kusema anaumia. Akamrukia muuguzi, akamshika mkono.

"Musimuamini! Mi ndiye nilimufundisha kusema hivi. Kichwa aliniambia. Binyota aliniambia. Mi nikamunyamazisha, juu ya bageni. Mi!"

Gracien alisikia kila neno.

Muuguzi akafunua shuka. Damu ilikuwa imelowesha godoro.

Wakamsukuma mbio kumrudisha kwenye upasuaji, Mama Agnès akikimbia kando ya kitanda. "Lia, mwanangu. Lia, nakuomba!" Na Abigaëlle akalia. Alilia maumivu yake, akamlilia mwanawe ambaye hakumwona, mpaka wagonjwa wa chumba cha pili wakamsikia.

Alipona. Amehamia Tenke na mume wake. Gracien humpigia mama yake simu, humuuliza afya, hukata. Hajamtukana hata siku moja, na hilo ndilo linalomla Mama Agnès.

FUNZO

Kuvumilia ni heshima, sikatai. Mashimo ya madini yanatufukia, tunawazika tuwapendao, na kesho tunaamka tena: kwa mambo yasiyo na dawa, moyo mgumu ndio dawa. Lakini maumivu yenye dawa hayavumiliwi, yanasemwa, tena kwa sauti. Na sisi wenye vinywa vyepesi tukumbuke: anayemcheka mwenye kulia, humziba mdomo mwenye kufa.