Kasuku wa Nyuma ya Kitanda

Gaston alikuwa na mdomo mtamu. Katika soko la mji wa Kasongo angeweza kumuuzia mvuvi samaki. Lakini kuhusu kasuku aliowaficha chumbani hakusema neno, maana kuwakamata kumekatazwa. Dirisha alilifunga. Kila asubuhi mkewe, Chimène, alifagia mavi yao makavu, vumbi likimwingia puani.

Ikaja homa. Kichwa kikamuuma Chimène, kikohozi kikavu kikambana kifua. Kipimo cha malaria hakikuonyesha kitu. Dawa ya kwanza haikusaidia. Alipofikishwa kituo cha afya, alihema kama aliyepanda mlima.

"Munafuga ndege nyumbani?" aliuliza Mathilde, muuguzi.

"Hapana, Mama," Gaston alijibu haraka.

Mama mkwe wake, Dieudonnée, alikuwa ameketi palepale. Gaston alikuwa amemwapia kwamba biashara ya kasuku ameiacha.

Chimène akakohoa, pumzi ikamkatika. Gaston akainamisha kichwa.

"Iko kasuku," alisema. "Nyuma ya kitanda."

"Aa, mukwe wangu!" Dieudonnée alimaka. "Mutoto wangu unamulaza na ndege ya pori, halafu unaniapia?"

Ule mdomo mtamu wa Gaston ulikauka.

"Umefanya vizuri kusema," Mathilde alimwambia Gaston. "Sasa najua dawa ya kumupa. Naona ni kijidudu cha klamidia ya ndege. Kijidudu hiki iko na ndugu zake. Mumoja anaharibu macho. Mwingine anaambukizwa kwa ngono. Huyu wa ndege anashambulia mapafu."

"Mbona ni ndugu na kazi zao ni mbalimbali?" Gaston aliuliza.

"Ndani ya kila kijidudu muko jeni. Ni kama maagizo ya kazi. Zinakiwezesha kuingia ndani ya mwili wetu na kujificha. Jeni zikitofautiana, kazi na ukali navyo vinatofautiana."

"Lakini ndege zangu iko nzima!"

"Kwa macho tu. Ndege anaweza kubeba kijidudu bila kuugua. Kinatoka na mavi. Mavi yakikauka, mutu anavuta vumbi."

Chimène alipewa dawa, akaanza kupona. Gaston naye alichunguzwa. Walinzi wa wanyama wa pori, walipopata habari, walikuja kuchukua kasuku, pua wamezifunika. Gaston akafungua dirisha, akalowesha sakafu kwa maji ya javel ya kuua vijidudu, akafagia mwenyewe, majirani wakichungulia na kucheka.

Baadaye jirani mmoja, Fidèle, alipitia mlango wa nyuma akikohoa. Naye alikuwa mtega kasuku.

"Gaston, ule Mama wa kituo alikuuliza nini?"

"Kama niko na ndege."

"Ukajibu?"

"Uongo kwanza. Chimène nusura afe." Gaston akavaa viatu. "Twende kituoni. Ukishindwa kusema, nitasema mimi. Aibu nimeshaizoea."