Antivirusi ya Mama Kavuo

Saa 3:00 asubuhi. Chumba cha nyuma cha duka la fotokopi, Ngungu.

Valens, mkubwa wa genge, alichora barabara mezani kwa chaki. "Lori ya Fuso inatoka Bweremana na katoni za simu. Hapa kwenye matope dereva lazima apunguze mwendo. Dusabimana anaruka mbele na bunduki. Hubert, uko hakika ya ile saa?"

"Niko hakika, mukubwa. Nilisoma ujumbe wa Mama Kavuo mwenyewe."

Hakika! Mjinga huyo Hubert. Mwezi uliopita Mama Kavuo, mwenye Fuso, alimwita nyumbani amchagulie antivirusi ya kompyuta. Hubert akamweleza kama mwalimu: iko ya bure, iko ya kulipia, na iko hii ya kwenye klé yangu ya USB, kali kuliko zote. Mama akacheka. "Chagua wewe, mutoto wangu. Mimi najua biashara tu." Akampakulia sombe na samaki, Hubert akala akashiba. Kisha akachomeka klé yake na kuweka programu ya wizi yenye jina la antivirusi. Tangu siku ile kila alichoandika mama kilimfikia Hubert, naye akampelekea Valens.

Saa 4:40. Vichakani, juu ya matope.

Simu ya Hubert ikaita. Valens na Dusabimana walikuwa mbali, wakificha pikipiki.

"Hubert, mutoto wangu," alisema Mama Kavuo. "Binti yangu Kétsia alirudi toka Goma, akaweka antivirusi ingine. Sasa iko inaonesha dirisha nyekundu. Eti kuko kitu kinanichunguza. Ni kweli?"

Hakuna aliyemshikia bunduki. Angeweza kusema kweli.

"Ile ni kelele ya bure, mama. Funga tu. Ile yangu njo ya kweli."

Mama akajibu: "Haya. Asante."

Saa 5:15.

Fuso ikapunguza mwendo. Dusabimana akaruka barabarani. Turubai likafunuka: katoni hakuna, polisi tele. Risasi zikalia. Dusabimana akaangukia matopeni, hakuinuka. Hubert akaikimbilia pikipiki. Valens alishaiwasha.

"Nibebe, kaka!"

Valens akamsukuma kwa kiatu kifuani. "Si ulisema uko hakika?" Akatokomea mlimani.

Saa 8:00 mchana. Kituo cha polisi, Bweremana.

Mama Kavuo alisimama mbele yake. Hubert, mikono kwenye pingu, hakuweza kumtazama.

"Kétsia aligundua tangu juzi," alisema mama. "Ule ujumbe wa safari ya leo, tuliuandika makusudi, musome. Polisi walitaka kukukamata jana. Nikawaomba wangoje nikupigie kwanza. Ungeniambia kweli, ningekuombea wakuache."

"Mama..."

"Nilikupigia na tumaini. Nikasema, huyu alikula kwangu, ataniambia."

Akafuta machozi kwa pembe ya kitenge. Kisha akamwambia polisi amwondoe.