Tope la Kukandikia

Ijumaa, tarehe 14 Machi 1975, saa kumi alasiri, ukuta wa nyumba ya Asia pale Heru Juu ulianza kutoka jasho. Nje jua lilikuwa kali.

"Nyumba nayo inasikia joto," mumewe Isihaka alitania. "Ipepee."

Asia hakucheka. Ukuta ulinuka ngozi mbichi.

Wiki hiyo kijiji kizima kilizoa tope jeusi mtoni, chini ya banda la kulowekea ngozi, kwa kuwa maji yalikuwa yakiwaua watoto kwa kuhara. Iliamriwa tope lifukiwe shimoni, mbali na maji. Lakini Isihaka, aliyehamishiwa kijijini juzijuzi na nyumba yake haijakandikwa, aliliona laini, akalisomba kwa karai akakandikia.

Magharibi ilipoingia, Asia alimkuta Zena, binti yao wa miaka minne, anaulamba ukuta kama wajawazito walambavyo udongo. Alipomvuta, ukuta ulivuta pumzi. Mtoto akafungua kinywa, na sauti iliyotoka humo ilikuwa nzito, yenye mapovu, kama ya mtu asemaye akiwa amezama, nayo ilisema bila midomo ya Zena kutikisika, huku harufu ya ngozi ikijaa chumba na ukuta ukitweta pamoja na kifua cha mtoto:

"Mmenitoa kwangu. Nirudisheni mtoni, nimwache."

Mwalimu Khatibu wa madrasa aliitwa, akasoma mpaka koo likamkauka. "Bomoeni. Mkafukie shimoni, kama mlivyoambiwa."

"Na mtoto, mwalimu?" Asia alinong'ona.

"Mtoto ni wa Mungu, mwanangu."

Asubuhi Isihaka alibomoa, akajitwika karai la kwanza, akashika njia ya mtoni. Asia, Zena mgongoni, akamzibia njia.

"Nipishe, mama Zena! Namtaka mwanangu."

"Mimi je, nilimwokota? Huko chini wanachota wenzetu. Nao wana watoto."

Isihaka alilia kama mtoto, kisha akageukia shimoni. Kila karai lililomwagwa, Zena alizidi kupoa mgongoni, na Asia aliusikia ubaridi ule ukipenya kanga mpaka mifupani, wala hakuacha kuushindilia udongo kwa miguu yake mwenyewe, mpaka ardhi ikawa ngumu na kile alichokibeba kikawa uzito tu.

Ee Mola, mpokee Zena binti Isihaka. Mfanye akiba ya wazazi wake siku watakayokosa kingine, na uwarehemu watoto wote waliotangulia kwa maji ya mto ule. Amina.