Kofia Iliyoungua Kileleni

Alhamisi, saa kumi na mbili na dakika kumi asubuhi, ukelele ulitoka kwenye karakana ya Bi Ubaldina Pachay, hapa hapa Montecristi, mji wetu wa wafuma kofia. Majirani wakaacha kahawa mezani, wakakimbia. Walichokikuta ni kofia iliyofumwa kwa miezi saba, imeungua.

Ilikuwa juu ya kalibu yake ya mbao, chumba cha mbele. Kileleni palikuwa na shimo jeusi la ukubwa wa kiganja. Fundi Eustorgio Mero, mpiga pasi wa karakana ile kwa miaka ishirini na miwili, alikuwa amesimama na ndoo tupu mkononi, maji yakichuruzika sakafuni. Bi Ubaldina akatoka ndani peku, mikono ameitanguliza mbele.

"Usiguse, Bi Mkubwa!" Eustorgio akamzuia. "Huu ni ushahidi. Tusije tukauharibu kabla polisi hawajafika."

Akaifunika kwa gunia, akaisogeza pembeni. Bi Ubaldina akabaki na mikono yake hewani.

Sasa nikwambie, ile haikuwa kofia tu. Tangu Krismasi, kofia mbili za Bi Ubaldina zilikuwa zimerudishwa kutoka Quito zikiwa na mishono iliyorukwa. Aliyezirudisha ni Bi Rosaura Terán, mnunuzi ambaye akikohoa, madalali wote wanashika kifua. Alituma ujumbe: nakupa nafasi moja ya mwisho. Ikiwa safi, naagiza thelathini. Ikiwa na kasoro, jina la Pachay nimelisahau. Na alikuwa anafika siku hiyo hiyo, saa sita mchana. Bi Ubaldina miaka yote alikuwa akiwaambia wafumaji wake, chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Leo hakuwa na cha kujiuza wala cha kutembeza. Masikini, alikaa kwenye kigoda na kulia kama mtoto.

Saa moja na robo akafika Sajini Leonela Anchundia. Huyu ni mtoto wa mfumaji. Mama yake alimfukuza kazini akiwa na miaka kumi na mitatu, akamwambia, "Vidole hivi ni vya kukamatia wezi, siyo vya kufumia kofia kwa majani ya toquilla." Na kweli, akaenda kukamata wezi.

Aliinama, akaipapasa kalibu kwa kiganja, akakiangalia kiganja chake. Kisha akaandika kwenye daftari: *Kalibu imelowa. Haina alama ya moto.*

"Fundi Eustorgio, nieleze."

"Nimefika saa kumi na mbili kamili kuwasha mkaa wa pasi. Nakuta mlango wazi, harufu ya kuungua. Naingia, moto uko juu ya kofia! Nikachukua ndoo, nikamwaga."

"Moto ulikuwa juu ya kofia, na kofia juu ya kalibu?"

"Hapo hapo ulipo mkono wako, Sajini."

Wakati huo akaingia Bi Narcisa, mwanamke anayefunga kingo za kofia, mdomo wake haujui likizo. Alishtuka, akajishika kichwa, akamkumbatia Bi Ubaldina. Halafu akamgeukia Eustorgio.

"Na wewe, hata mbele ya mwenye nyumba kofia huvui? Msiba umekusahaulisha adabu?"

Hapa kwetu mwanamume haingii kwa mfumaji na kofia kichwani. Ni kama kuingia jikoni kwa mtu ukitafuna chakula chako. Eustorgio akaivuta chini zaidi ile kofia yake nene ya kazi.

"Nina homa, Narcisa. Upepo ukinipiga kichwani naanguka. Na saa tano nina gari la Guayaquil, dada yangu anapasuliwa. Mikosi haiji mmoja mmoja."

"Pole, Fundi," alisema Leonela, akampa mkono. Akaushika kwa muda kidogo, akauachia.

Mtu wa kwanza kutajwa alikuwa dalali Gumercindo Lucas. Jirani alimwona mlangoni saa kumi na moja na nusu alfajiri. Leonela akamkuta nyumbani kwake anakula mpira wa ndizi mbichi zilizopondwa, uliojaa jibini. Alipoiona sare, akaurudisha kwenye sahani.

"Ulifuata nini kwa Bi Ubaldina alfajiri yote ile?"

"Kumbembeleza, Sajini! Mwezi mzima nambembeleza aniuzie jina lake, nilipige muhuri kwenye kofia zangu. Dola elfu mbili, taslimu. Nikasema nimuwahi kabla ya yule mama wa Quito. Nikagonga, kimya, nikaondoka."

"Mlango ulikuwa wazi?"

"Wazi wapi? Ulikuwa umefungwa! Ungekuwa wazi ningegonga mpaka vidole viume?"

"Wanasema umemchomea kofia ili alegee akuuzie."

"Haki ya Mungu, fikiria hata wewe," Gumercindo alisema, jasho likimtoka. "Kofia ikiungua leo, jina linakufa leo. Mimi ninunue maiti nikaifanyie nini?"

Leonela akaona hoja ina miguu. Akaandika: *Saa 11:30, mlango umefungwa.* Aliyeufungua baadaye alikuwa na ufunguo.

Saa tatu na nusu alikuwa amerudi karakana. Funguo zilikuwa tatu: moja ya Bi Ubaldina mwenyewe, moja ya Eustorgio, moja ya Narcisa.

"Mimi sipendi kumsema mtu," alisema Eustorgio taratibu, "lakini jana Narcisa alibaki hapa mpaka jioni. Na kazi yake kwenye kofia ile iliisha Jumatatu."

Narcisa akatazama sakafu.

"Ni kweli, dada?" Leonela akamuuliza.

"Ni kweli."

"Ulikuwa unafanya nini?"

"Siwezi kusema."

"Bi Narcisa, nitakuweka ndani."

"Niweke. Nimeahidi kunyamaza, na mimi nikinyamaza mara moja kwa mwaka nataka iheshimiwe."

Mtu mmoja akacheka, akajuta. Macho ya Narcisa yalikuwa yamejaa machozi, na yalikuwa yanamtazama Bi Ubaldina, siyo Sajini. Leonela akaliona hilo. Akamshika yule mama mkono, akampeleka uani, mbali na masikio.

"Mama, niambie kitu kimoja. Kofia umeiona?"

"Nimeiona."

"Vizuri?"

Bi Ubaldina akashusha sauti. "Macho yameniisha, mwanangu. Tangu Krismasi naona ukungu tu. Nikisema, nani ataninunulia? Nani atanipa hata kazi ya kufagia?"

"Nani anajua?"

"Eustorgio peke yake. Ndiye anayenikagulia kofia mbele ya mwanga, kwa wema wake. Hata zile mbili zilizorudishwa, alizikagua akasema ziko safi."

Leonela alivuta pumzi. "Na hii ya miezi saba?"

"Hii niliifuma bila kuyategemea macho. Kila safu nilikuwa naisikiliza kwa vidole. Nikitia shaka, nafumua. Ndiyo maana ilichukua miezi saba."

"Na leo asubuhi, hukuigusa?"

"Nimekatazwa. Ni ushahidi."

"Nani amekukataza? Mimi nilikuwa sijafika bado." Sajini alitoka nusu mbio, akarudi na lile gunia. Akalifungua. "Shika, mama. Fumba kabisa hayo macho, hayana kazi hapa."

Vidole vya Bi Ubaldina vikatua kwenye ukingo. Vikatembea kidogo, vikasimama. Vikarudi nyuma. Uso wake ukaanza kubadilika, na ghafla akaangua kicheko, kicheko cha mtu aliyeteremshiwa mzigo mgongoni.

"Hii? Mungu wangu, hii? Hii ni ya mtu wa haraka! Safu nene kama kidole, majani yameungwa ovyo. Hii ni ya dola thelathini, sokoni, na ukibembeleza unapewa kwa ishirini! Hii si yangu! Na utepe wa ndani uko wapi? Narcisa! Narcisa, njoo!"

Narcisa akaja mbio.

"Sasa niseme?" aliuliza.

"Sema, mwanangu, sema!"

"Jana nilikuwa nashona utepe ndani ya ile kofia. Una maandishi. Bi Mkubwa alitaka iwe siri mpaka leo saa sita." Akaichungulia ile iliyoungua, akatema pembeni. "Hili pakacha wala sijawahi kuliona. Si lilikuwa limefunikwa gunia tangu nimefika?"

Bi Ubaldina akaketi chini pale pale uani, akaomba kahawa. Kofia yake haikuungua. Ilikuwa mahali fulani, nzima. Lakini ilikuwa saa nne na dakika arobaini, na Bi Rosaura alikuwa njiani.

Eustorgio alikuwa tayari mlangoni na mkoba begani.

"Naomba nikague, Fundi. Ni kawaida tu."

"Kagua, Sajini. Mimi sina neno."

Shati moja. Mipira miwili ya ndizi ndani ya jani. Kitambaa cha jasho. Leonela aliukung'uta mkoba mpaka makombo yakatoka. Hakuna kofia. Eustorgio akatabasamu, akauchukua mkoba wake.

"Haya, dada yangu ananisubiri."

"Nenda. Ila kabla hujaenda, vua kofia umuage mwenye nyumba."

"Nimesema nina homa."

"Nilikushika mkono saa moja na robo, Fundi. Ulikuwa baridi kama samaki wa bandari ya Manta. Vua."

"Sajini, ukinivua..."

"Vua, au nivue mimi."

Narcisa hakusubiri. Alinyoosha mkono akaibetua ile kofia nene. Na chini yake, kichwani mwa Eustorgio, palikuwa na kofia nyingine, rangi ya maziwa, nyepesi kiasi kwamba upepo wa mlangoni uliutikisa ukingo wake. Watu wote wakasema "Ahaa!" kwa pamoja. Bi Ubaldina akainuka, akanyoosha mikono, na safari hii hakuna aliyemzuia. Akaipapasa, akaibusu.

"Ndiyo hii," alisema. "Ndiye mwanangu huyu."

Za mwizi arobaini, lakini huyu hata asubuhi moja hakuimaliza. Leonela akafungua daftari.

"Ulisema moto ulikuwa juu ya kalibu. Kalibu haina hata doa. Kofia iliungulia kwingine, ikaletwa. Na ni moto gani huo unaounguza kilele tu, pale ambapo mfumaji huweka alama yake, ukaacha ukingo mzima ili tuamini ni kofia ile ile? Uliichoma kwenye mkaa wako nyumbani. Ukajua macho ya mama hayataigundua, ukamkataza kugusa. Lakini wewe ni mpiga pasi, Fundi. Kazi yako ni ya macho, kuinua kofia mbele ya mwanga. Ukadhani asiyeona hajui, ukasahau kwamba vidole vyake vingeishika baadaye."

Eustorgio alitaka kubisha. Bi Ubaldina akamwahi.

"Na zile mbili za Quito?" aliuliza Bi Ubaldina. "Uliiona mishono iliyorukwa?"

"Niliiona."

"Ukaniambia ziko safi."

"Miaka ishirini na miwili, Bi Mkubwa!" Eustorgio alipasuka. "Kofia inaingia kwangu imekunjamana kama shuka la mgonjwa, inatoka inang'aa. Nani anajua jina langu? Wanasema kofia ya Pachay, kofia ya Pachay! Nikasema ukianguka wewe, nitakwenda na hii moja Guayaquil, niwaambie hii ni kazi yangu, nifungue karakana yangu. Jina langu, na mimi, angalau mara moja!"

"Na dada yako?" aliuliza Leonela.

"Sina dada."

Bi Ubaldina aliigeuza kofia, akampa Eustorgio, ndani yake ikitazama juu. "Wewe ndiye mwenye macho," alisema. "Nisomee huo utepe."

Eustorgio akaiinua mbele ya mwanga wa mlango, kwa mazoea ya miaka yote ile. Herufi ndogo za uzi wa buluu. Akasoma kimoyomoyo, midomo ikacheza, kisha ikakataa.

"Kwa sauti," alisema Narcisa. "Nimetoboka vidole mimi."

"*Imefumwa na Ubaldina Pachay*," alisoma. "*Imenyooshwa na Eustorgio Mero. Montecristi.*"

Hakuna mpiga pasi hapa kwetu aliyewahi kuandikwa ndani ya kofia. Hakuna hata mmoja. Na huyu alikuwa ametembea na jina lake kichwani tangu alfajiri, bila kuangalia ndani kwa sababu ya haraka. Alikaa kwenye kizingiti, akafunika uso. Askari walipokuja kumchukua, alikwenda bila kusukumwa.

Saa sita na dakika tano Bi Rosaura Terán akaingia, akaagiza dirisha lifunguliwe. Kabla hajaigusa kofia, Bi Ubaldina alisimama mbele yake.

"Mama, nikwambie kabla hujanunua. Macho yangu yamekwisha. Zile mbili zilikuwa na kasoro kweli, nami sikuziona. Hii nimeifuma kwa vidole, na thelathini zako zitafumwa hivyo hivyo, na Narcisa atazikagua. Ukitaka kuondoka, sitakulaumu."

Bi Rosaura aliinua kofia kwenye mwanga, akahesabu maduara ya ufumaji kileleni, moja moja, akapoteza hesabu, akaanza upya. Narcisa alishika pumzi mpaka akabadilika rangi.

"Nimenunua kofia miaka kumi na tisa," alisema mwishowe. "Walioniambia kasoro zao kabla sijaziona, wewe ndiye wa kwanza. Thelathini. Nitasubiri kadiri zitakavyochukua." Kisha akachungulia ndani. "Na huyu Eustorgio Mero ndiye nani? Pasi kama hii sijaiona. Namtaka kwenye zote thelathini."

Watu wakatazamana. Narcisa, uso umemwiva, akachukua mkasi mezani.

"Subiri, mama, huo utepe naukata sasa hivi."

"Weka mkasi," alisema Bi Ubaldina.

"Baada ya aliyotufanyia?"

"Kofia hii aliinyoosha yeye. Jana ilikuwa kweli, na leo ni kweli. Ndani ya kofia zangu hauandikwi uongo, wala haufutwi ukweli." Akamgeukia mgeni. "Thelathini utazipata, mama. Ila mpiga pasi itabidi nikutafutie mwingine."

Halafu akauliza ile kahawa yake iko wapi, maana bila shaka ilikuwa imeshapoa.