Matairi ya Bibi Harusi

"Halo! Halo, Tabora! Abbasi, unanisikia?"

"Nakusikia. Usipige kelele, niko ofisini. Umeyapata?"

"Nimeyapata, mpenzi! Ila yapo ya aina mbili, ndiyo maana nimekupigia. Chagua wewe."

Zamda alikuwa amebanana ndani ya kibanda cha simu cha posta, Dar es Salaam, jasho linamtiririka, kanga inamteleza begani. Alikuwa amekuja kwa treni, daraja la tatu, kutoka Tabora, kwa shughuli moja tu: kutafuta matairi manne ya kigari cha watu wawili. Kigari cha mbio, chepesi, kimekaa chini utadhani kimepiga magoti. Mwaka ule wa Operesheni Vijiji hata sabuni ilikuwa ya kuviziwa, seuze matairi madogo kama yale. Yaliyokuwa chini ya gari yalishakuwa vipara vitupu.

"Nieleze basi," Abbasi akasema.

"Ya kwanza ni ya waya. Manene, mazito, ubavu wake mgumu. Mwiba haupiti."

"Na mengine?"

"Ya nailoni. Mepesi, ubavu laini, yana mistari minne ya kutolea maji ya mvua. Nimeyabonyeza kwa mkono. Mimi naona haya, Abbasi. Gari letu jepesi, halina uzito wa kuyakandamiza yale magumu. Litarukaruka tu kama mbuzi, na ukikanyaga breki litateleza. Haya ni laini, yatashika barabara. Ubaya wake yanaisha upesi."

"Yakiisha utafuata mengine." Abbasi akacheka. "Chukua hayo laini. Sitaki bibi harusi arushwerushwe na gauni lake."

Moyo wa Zamda ukaruka. Bibi harusi! Alikuwa amelisubiri neno hilo mpaka marafiki zake wote wameshazaa.

"Abbasi, umesema bibi harusi?"

"Nimesema. Angalia na tyubu, usibambikwe zenye viraka."

"Nitaangalia. Abbasi, naku..."

"Muda umekwisha," sauti ya opereta ikaingilia, na simu ikakatika.

Sasa nikueleze habari ya gari hili, maana bila hiyo utamwona Zamda mjinga, na mjinga hakuwa. Abbasi alikuwa afisa pale mkoani. Mchana alizunguka vijijini akiwahimiza watu wabomoe nyumba zao wahamie vijiji vya Ujamaa, mali iwe ya wote. Jioni alitaka kuendesha gari la mbio. Alilinunua kwa Mzungu mmoja mhandisi aliyekuwa akifungasha kurudi kwao, kisha akaogopa kuulizwa. Akaliandikisha kwa jina la Zamda, mchumba ambaye hakuwa amemtangaza kwa watu, na ambaye marehemu baba yake alikuwa na duka Kanyenye, kwa hiyo hakuna aliyeshangaa. Gari likalala uani kwa Zamda. Siku moja mkutanoni mtu alipouliza, Abbasi alisimama kabisa, mkono kifuani.

"Ndugu zangu, lile gari ni la Zamda. Mimi huliazima tu."

Wakampigia makofi. Na Zamda, masikini, aliona kama ametangaziwa ndoa. Usukani wenyewe hajawahi kuushika hata siku moja. Kazi yake ilikuwa kulifuta vumbi.

Basi alirudi na matairi yake manne, amekaa juu yake njia nzima, akalala juu yake, kila abiria anayepita anamkodolea macho. Treni ilipoingia Tabora, Abbasi alikuwa stesheni. Zamda akashuka akimkimbilia. Abbasi akampita, akainama kwenye matairi, akayanusa.

"Umekaa juu yake?"

"Usiku kucha, yasiibwe."

"Yananuka maandazi."

"Ndiyo chakula pekee nilichokula tangu Dodoma, Abbasi."

"Haya. Mkokoteni umejaa, wewe tembea. Si mbali."

Akatembea! Jamani, mwanamke akipenda mpaka anatia hasira.

Matairi yakafungwa kesho yake. Abbasi akalitoa gari, akazunguka nalo mji mzima, akarudi uani anacheka mpaka magego yanaonekana.

"Limeshika! Kona ya Isevya nimeikata bila kupunguza mwendo! Zamda, wewe mwanamke una akili."

"Si nilikwambia? Karibu chai."

Akakaa, akakoroga chai, akasema kama anayeomba chumvi:

"Jumamosi ni harusi."

"Jumamosi hii? Abbasi! Sijashona kitu! Shangazi mwenyewe hajui, ndugu wa..."

"Si yako."

Zamda akabaki na birika mkononi.

"Namuoa Siwema, binti wa Mzee Shomari."

Mzee Shomari wa Isevya alikuwa mkubwa wa chama, mtu asiyecheka ovyo. Akikunyooshea kidole cha sifa unapanda cheo, akikuchukia umekwisha. Tabora nzima ilijua.

"Unanitania, Abbasi."

"Mambo ya kazi sitanii. Sasa nina shida moja, na shida hiyo ni wewe wa kuimaliza. Mzee ana maswali. Akiona gari atauliza la nani. Nataka uje pale Isevya kabla ya kufungwa ndoa, useme mbele ya watu kwamba gari ni lako, umemwazima binamu yako Abbasi. Kisha unipe funguo."

"Binamu?"

"Ndiyo. Na unawe uso, bibi harusi asije akaona macho mekundu."

"Abbasi, mimi ni nani kwako?"

"Wewe mtu wangu wa ndani. Yule wa kazi. Mambo yakitulia nitakuoa wa pili, kama bado utakuwa unafaa."

"Na nikikataa? Nikimwambia Mzee kwamba gari ni lako?"

"Nani atakuamini? Miaka yote umekubali kwamba ni lako. Ukigeuka leo, watasema wivu." Akaonja chai, akakunja uso. "Ongeza sukari."

Zamda akaongeza. Sukari inamwagika mezani, naye Abbasi anaangalia matairi.

Usiku ule Shangazi Mwanajuma, mwanamke aliyemlea Zamda toka mdogo, alimkuta amejikunyata kwenye kiti cha abiria cha lile gari.

"Umelia?"

"Nimelia."

"Umemaliza?"

"Bado, shangazi."

"Malizia. Mimi nasubiri." Akakaa juu ya kinu, akanyoosha miguu. Makatambuga yake, vile viatu vya tairi, yalikuwa yametoboka visiginoni. "Hata haya yangu yameniacha. Nimekwenda kwa Masolwa sokoni, anasema hana cha kukata. Tairi za waya zinamvunjia visu. Anataka nailoni, na nailoni siku hizi haionekani."

Zamda akaacha kulia. Akageuza shingo polepole, akaliangalia gurudumu la mbele.

"Shangazi."

"Eeh."

"Gari hili ni la nani?"

"La mwanaharamu yule."

"Hapana. Yeye mwenyewe anasema la nani?"

Shangazi akafungua mdomo, akaufumba. Kisha akacheka kicheko cha chini chini, kile ambacho mtoto akikisikia anajua leo kuna mtu atachapwa.

Asubuhi Zamda akampelekea Abbasi salamu ofisini: nimekubali, Jumamosi nitakuja mwenyewe, usije kulichungulia gari maana nalisugua. Abbasi akafurahi, akamwambia mleta salamu kwamba binamu yake ni mtu muungwana sana.

Masolwa, fundi makatambuga, akaja na jeki na visu vyake. Alipoyaona matairi akarudi nyuma.

"Dada, haya mapya kabisa. Hata vinyweleo vyake vya kiwandani havijatoka. Mimi nakata yaliyokufa."

"Kata."

"Mwenyewe ataniua."

"Mwenyewe ni mimi. Uliza mtu yeyote mjini."

Masolwa akapitisha kisu. Kikaingia bila kelele.

"Loo! Laini!"

"Nilichagua mimi," Zamda akasema.

Jumamosi, nyumbani kwa Mzee Shomari, majamvi yametandikwa, shehe amekaa, pilau inanukia mpaka barabarani. Abbasi yumo ndani ya kanzu nyeupe pe, anachungulia njia kila dakika. Zamda akatokea kwa miguu, amejifunga kanga mpya, kapu kichwani. Nyuma yake Shangazi Mwanajuma anaburuta gunia.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, binti. Wewe ndiye mwenye lile gari linalosemwa?"

"Namwomba bwana harusi aseme yeye, Mzee. Mimi nitaonekana najisifu."

Abbasi akatabasamu. Aliona mambo yanakwenda vizuri kuliko alivyopanga.

"Ni lake, Mzee. Huyu binamu yangu. Mimi huazima tu."

"Na matairi mapya, kaka Abbasi? Watu wanasema umeyanunua wewe."

"Uongo huo! Yake yote. Aliyafuata mwenyewe Dar es Salaam. Mimi pale sina hata skrubu moja."

"Shehe, umesikia?"

"Nimesikia," shehe akasema, hajui kinachoendelea.

"Basi kwa kuwa ni mali yangu, nimekuja kutoa zawadi."

Akalipindua kapu. Shangazi naye akamwaga gunia. Makatambuga yakaporomoka juu ya jamvi, ya wakubwa kwa wadogo, meusi mapya yanang'aa, na kila moja chini yake lina mistari minne ya kutolea maji ya mvua.

Abbasi akaokota moja. Akaligeuza. Akapitisha kidole gumba kwenye mistari, mmoja mmoja. Midomo ikaanza kumcheza.

"Hiki nini?"

"Kiatu."

"Zamda... umeyakata?"

"Nimeyakata."

"Umekata matairi yangu? Matairi yangu!" Akaruka juu, kofia ikaanguka. "Mwanamke mshenzi wewe! Gari langu lile! Nimelinunua kwa jasho langu! Wewe nilikuweka tu kama kabati la kufichia vitu, unasikia? Kabati! Nani kakupa ruhusa ya..."

Akanyamaza. Alikuwa amechelewa. Hata waliokuwa jikoni walishaacha kukoroga.

"Gari la nani?" Mzee Shomari akauliza kwa sauti ya chini.

"Mzee, ni hasira tu, nimeteleza..."

"Nimekuuliza gari la nani."

Abbasi akamtazama shehe. Shehe akatazama jamvi.

Pazia la ndani likafunguka. Siwema akatoka na hina yake na dhahabu yake, wanawake wanamvuta nguo arudi, hasikii.

"Dada, huyu binamu yako?"

"Hapana. Alikuwa mchumba wangu, mpaka nilipomaliza kumtafutia matairi ya kukubebea wewe."

"Alikuahidi ndoa?"

"Hata wiki hii ameniahidi. Niwe wa pili, kama bado nitafaa."

Siwema akamtazama Abbasi toka utosini mpaka miguuni, bila haraka. Kisha akamgeukia baba yake.

"Baba, mwambie shehe ale pilau aende zake."

Abbasi akaanza kulia mbele za watu. Alimlilia Mzee, akamlilia Siwema, akamwambia Zamda, "Niokoe, sema chochote!" Zamda akatoa kwenye kanga jozi moja aliyoificha. Kipimo hakuuliza mtu. Mguu ule aliujua.

"Haya yako. Kutoka hapa mpaka kwako ni mbali, na gari langu liko juu ya matofali."

Abbasi akayatupa. Wageni hawakutupa yao, nani atupe kiatu mwaka ule? Waliyajaribu pale pale, wakabadilishana, wakaondoka nayo. Majuma kadhaa vumbi la Isevya lilijaa alama za gari ambalo halikupita.

Msidhani Zamda alirudi nyumbani akicheka. Alilia kuliko siku ya kwanza, maana alikuwa anampenda yule mwanaharamu, na kumkomoa hakukumtoa moyoni. Gari likabaki uani, kuku wakataga kwenye kiti cha dereva. Yeye akafungua cherehani, akaanza kushona na kuuza nguo kwenye vituo vya reli.

Abbasi akavuliwa kazi, akapelekwa kijiji kipya ndani kabisa ya pori, akalime na wale aliowahamisha. Hawakumpokea kwa vigelegele, nadhani unajua.

Mwaka mwingine treni ilisimama Kigwa. Zamda alikuwa dirishani akinunua asali aliposikia jina lake.

"Zamda."

Alimtambua kwa sauti. Uso ulikuwa umekwisha, shati limepauka.

"Abbasi."

"Nimekuwa nikikutafuta. Nataka kusema... Zamda, nilikosa. Nimekaa huku peke yangu, nikafikiri, nikaona hakuna aliyenipenda kama wewe. Nirudishe. Hata kama ni kufagia uwanja."

Zamda alikuwa anaangalia chini, kwenye miguu ya Abbasi. Jozi ile ile. Kumbe usiku wa siku ile ya harusi alirudi kuiokota.

"Yanabana?" akauliza.

Abbasi akashangaa. Kisha macho yakamlengalenga kwa matumaini.

"Hayabani. Yananikaa vizuri sana."

"Nilikwambia kwenye simu kwamba ni laini. Ubaya wake yanaisha upesi."

"Ndiyo, haya yamekaribia kuisha. Yakiisha nitafanyaje, Zamda?"

Zamda akaipokea asali yake, akaifunga vizuri kwenye kanga.

"Yakiisha utafuata mengine."

Treni ikapiga honi. Zamda akafunga dirisha.