Sura Iliyobaki Ukutani

Asubuhi ile mlima ulikuwa wazi mpaka kileleni. Elinipendo, binti tunayekaa naye jirani hapa mtaa wa Soweto, alifika mapema kwenye nyumba ya sanaa pale Moshi mjini, akafungua madirisha ili harufu ya tapentaini itoke, akaanza kuosha brashi. Walikuwa wachoraji watatu chini ya Mzee Fredy. Zamani walikuwa wanne. Wa nne ni Filemon, mwenye vidole virefu, ambaye ndiye aliyemfundisha Elinipendo kazi. Mwaka uliopita Filemon alikwenda kuchora nyumbani kwa mtu, hakurudi. Wengi walisema kahamia Dar. Mama yake, Mama Salvina, hakuwaamini. Kila akishuka sokoni alipitia pale, akauliza kama kuna habari, akashukuru, akaenda zake.

Jua halijakolea, akaingia mama wa makamo, nadhifu, kitenge kimenyooshwa vizuri. Alisema anaitwa Dominika, wa Kibosho. Sebuleni kwao kulikuwa na picha ya familia iliyochorwa ukutani, lakini mchoraji aliiacha ikiwa imebaki sura moja tu. Ukoo ulikuwa karibu kukusanyika, naye hakutaka ndugu wakute pengo. Mzee Fredy alimuuliza nani aliyeianza. Mama akajibu kwamba jina limemtoka. Sura moja si kazi kubwa. Elinipendo akafunga vifaa vyake, wakaondoka pamoja.

Pikipiki ziliwafikisha mahali barabara inapogeuka mawe matupu, huko mlimani, ukishapita kanisa. Wakashika njia ya miguu katikati ya migomba na mibuni, wakavuka mfereji kwenye ubao. Ng'ambo ya pili palikuwa kimya. Hakuna kuku, hakuna ng'ombe, hakuna mtoto anayelia. Elinipendo alidhani watu wako shambani.

Nyumba ilikuwa ya zamani, imezungushiwa masale mabichi, yale yanayopandwa kwenye mipaka na juu ya makaburi. Ndani kulikuwa na baridi. Picha ilijaza ukuta mzima: wazee wawili wamekaa, vijana na watoto wamesimama nyuma yao, na nyumba hiyo hiyo kwa mbali. Elinipendo alitazama majani ya migomba yaliyochorwa pembeni, yamechanwa na upepo upande mmoja tu. Mtu mmoja tu ndiye aliyekuwa akiyachora hivyo.

"Mama," alisema taratibu, "aliyechora hapa anaitwa Filemon?"

"Labda," Dominika akajibu. Akamwekea kigoda.

Mwisho wa mstari alisimama mwanamke asiye na sura. Elinipendo akauliza afanane na nani. Dominika akamwambia asihangaike, atamjua akianza. Kisha akatoka, akavuta mlango.

Alianza na paji la uso. Mkono ulikwenda wenyewe, kama mtu anayeandika jina lake. Nyusi. Pua. Kovu dogo chini ya jicho la kushoto. Hapo akasimama, akajigusa usoni.

Lilikuwa kovu lake.

Alichovya kitambaa kwenye tapentaini, akafuta. Sura ikatoka, ukuta ukabaki mweupe. Akapanga aanze upya kwa utulivu, amtafutie yule mwanamke uso wa mtu mwingine kabisa. Alipoinua brashi, macho yake mwenyewe yalikuwa tayari yanamtazama kutoka ukutani.

Alikusanya vifaa akatoka nje. Ukungu ulikuwa umeshuka, mweupe kama maziwa. Dominika alikuwa amekaa barazani anachambua maharage. Elinipendo alimwambia anajisikia vibaya, ataimalizia siku nyingine. Dominika hakubisha. Alimtakia njia njema.

Akavuka mfereji. Akapita migomba. Njia ikashuka, ikapinda, ikamleta kwenye masale. Barazani, Dominika alikuwa anachambua maharage.

Akageuka, akaenda mbio. Mfereji, migomba, mpindo. Masale. Safari ya tatu aliacha njia, akapita katikati ya mibuni, matawi yakimchana mikono. Akatokea nyuma ya nyumba. Simu haikuwa na mtandao. Ukungu haukuongezeka wala kupungua, na mchana ulikuwa umesimama mahali pamoja.

"Umechoka," Dominika alisema bila kuinua kichwa. "Ingia ndani, mwanangu. Wenzako wanakusubiri."

Aliingia kwa sababu hakuwa na pengine pa kwenda. Mwanamke wa ukutani sasa alikuwa na mashavu na kidevu. Ulibaki mdomo.

Hapo ndipo alipomwona. Kwenye picha, katika mlango wa ile nyumba ya mbali, alisimama mwanamume aliyegeuza mgongo. Mara ya kwanza mlango ule ulikuwa mtupu. Elinipendo aliyajua mabega yale. Alikuwa ameyatazama miaka mingi, yakiinama juu ya kazi.

"Filemon," alinong'ona.

Mabega yakatikisika.

"Eli. Usimalize mdomo."

Sauti ilitoka ndani ya ukuta, kavu, kama ya mtu mwenye vumbi kooni.

"Toka. Twende nyumbani. Mama yako anakuulizia."

"Mimi niliumaliza wangu."

Elinipendo alichukua kisu cha rangi, akakiweka pembeni mwa lile bega, akakwangua kidogo tu. Filemon akapiga ukelele mmoja mfupi. Kwenye ncha ya kisu palikuwa na unyevu, na haukuwa rangi.

Akaondoa mkono. Akasimama pale analia.

"Jikwangue wewe," Filemon akanong'ona. "Haraka. Ukiitwa nje, usiitike."

Akaweka kisu kwenye paji la uso wake mwenyewe, kule ukutani, akavuta. Maumivu yalimshika palepale, kichwani. Akavuta tena. Shavu. Pua. Chokaa ikadondoka vipande vipande. Midomo yake ikawa mizito, ikashikana. Alijaribu kuifungua, ikakataa. Nyuma yake mlango ulifunguka.

"Familia haijatimia," Dominika alisema polepole, kwa huzuni ya kweli.

Elinipendo akampita. Akatoka. Nyuma yake wakaanza kumwita, kwanza mmoja, kisha wengi, wazee na watoto, wanamwita kwa jina lake kamili. Akavuka mfereji. Sauti ya mwisho ilikuwa ya mama yake mzazi, aliyekwisha kufariki, inamwomba angoje kidogo. Angeitika. Mpaka leo anasema angeitika, kama mdomo ungekuwa wake.

Shedrack, dereva wa pikipiki, ndiye aliyemkuta amekaa kando ya barabara, uso umechubuka wote. Kwenye zahanati, muuguzi alitoa chokaa kinywani mwake, bonge baada ya bonge, akawa anamtazama Mzee Fredy, aliyekuwa ameitwa, kama anayetaka kuelezwa. Fredy alijua jambo moja tu. Yule binti alikuwa ametoka mjini asubuhi ileile, uso wake mzima.

Alipoweza kusema, mtu wa kwanza aliyemwita ni Mama Salvina. Alimweleza yote, na jinsi alivyomwacha mwanawe. Mama Salvina hakumlaumu. Aliomba kupelekwa tu.

Walikwenda mchana wa jua kali, Mama Salvina, Mzee Fredy na Shedrack. Elinipendo aliwaonyesha njia, akabaki barabarani. Majirani wa kule walisema kihamba kile, shamba la ukoo, hakina mtu tangu enzi za babu zao. Walikuta nyumba isiyo na paa, magugu yameota sebuleni. Ukuta mmoja ulikuwa bado umesimama. Hakukuwa na picha wala rangi. Palikuwa na sehemu moja tu iliyokwanguliwa, mbichi.

Mama Salvina aliwaomba wasogee pembeni. Akaweka kiganja chake kwenye ukuta, akamsemesha mwanawe kwa Kichagga, kwa sauti ya chini, kama mtu anayemwamsha mtoto aende shule. Alikaa hivyo muda mrefu. Fredy anasema hakulia.

Alipoondoa mkono, ukutani palibaki alama ya kiganja, yenye unyevu, inakauka taratibu kwenye jua. Mama Salvina aliitazama, kisha akainua mkono wake akaulinganisha nayo bila kugusa.

Vidole vya ile alama vilikuwa virefu kuliko vyake.